Anakula, Analishwa: Kiswahili na Usanifishaji wa Tathmini ya Awali ya Utendaji wa Watu Wazima



Mtu mzima aliyepatwa na kiharusi anapofikishwa kwa mara ya kwanza mbele ya mtaalamu wa huduma za utengamao, jambo la kwanza kufanyika ni mazungumzo. Kabla misuli haijapimwa nguvu, na kabla viungo havijakunjwa na kukunjuliwa, huulizwa maswali: anakulaje, anaogaje, anavaa kwa namna gani, anafikaje chooni. Majibu hugeuzwa alama, alama hujumlishwa, na jumla hiyo huwa kiwango cha mwanzo ambacho maendeleo yote ya baadaye yatalinganishwa nacho. Kiwango hicho kikikosewa, mgonjwa aliyepata nafuu ataonekana amebaki palepale, na aliyebaki palepale ataonekana amepona na kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Katika sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya mazungumzo hayo hufanyika kwa Kiswahili, ilhali vipimo vinavyotumika vilibuniwa kwa Kiingereza. Pasipokuwa na tafsiri iliyokubaliwa, mtaalamu hana budi kutafsiri papo hapo, kwa maneno yanayomjia. Mtaalamu wa Moshi na mwenzake wa Mtwara wanaweza basi kujaza fomu moja, kwa uangalifu uleule, na wakawa wameuliza maswali mawili tofauti. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kusanifisha fomu hakutoshi. Swali lenyewe linahitaji kusanifishwa kwa Kiswahili, na nyenzo bora ya kazi hiyo si istilahi mpya bali ni kitenzi cha Kiswahili pamoja na minyambuliko yake.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa matukio ya kiharusi uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kwamba, umri ukishasawazishwa, wapatao kiharusi kwa mwaka walikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Wengi wa wanaonusurika huhitaji kufundishwa upya kula, kuvaa na kutembea, na mafunzo hayo yote huanzia kwenye tathmini ya kwanza.

Vipimo na safari yake

Vipimo vinavyotajwa sana vina historia fupi. Mwaka 1963 Katz na wenzake walichapisha nchini Marekani orodha ya shughuli sita za kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1965 Mahoney na Barthel, wa Maryland, walichapisha kipimo chenye vipengele kumi na jumla ya alama 100, ambacho hadi leo hujulikana kwa jina la Barthel. Miaka ya 1980 kikaja kipimo kilichofupishwa kwa herufi FIM, chenye vipengele 18 na ngazi saba kwa kila kipengele. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha uainishaji wa kimataifa wa utendaji, ulemavu na afya, unaotenganisha kazi za mwili, shughuli za mtu, na ushiriki wake katika maisha ya jamii.

Hata mahali vipimo hivi vilipozaliwa, usanifishaji haukuwa mwepesi. Nchini Marekani mgonjwa mmoja aliweza kutoka hospitali ya utengamao, akapitia nyumba ya uuguzi, kisha akahudumiwa nyumbani kwake, na kila mahali akapimwa kwa kipimo kingine, hata ikawa vigumu kusema kama amesonga mbele au amerudi nyuma. Sheria ya mwaka 2014 ilidai vipengele vya namna moja kwa huduma hizo zote, na ilipofika Oktoba 2019 vipengele vya FIM viliondolewa katika fomu ya serikali ya hospitali za utengamao, nafasi yake ikachukuliwa na vile vya pamoja. Ikumbukwe kwamba hayo ni mashaka ya watu wanaotumia lugha moja kuanzia mbunifu wa kipimo hadi mgonjwa. Kwa Kiswahili tatizo huongezeka hatua moja.

Wanafunzi wa historia ya Kiswahili wataona kwamba tatizo lenyewe si geni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia tahajia na vitabu. Kamati iliweza kuamua neno liandikweje. Haikuweza kuamua msemaji wa Kimvita analisikiaje. Fomu ya hospitali ina mpaka uleule. Yaliyoandikwa huweza kuwa mamoja kila mahali, na yanayosikika yakawa mbalimbali.

Jina la huduma yenyewe linatoa mfano. Kwa muda mrefu yametumika maneno ukarabati, urekebishaji na marekebisho. La kwanza lina harufu ya nyumba inayopigwa lipu, na la mwisho linakumbusha adhabu. Nchini Tanzania neno utengamao limeshika nafasi katika lugha rasmi ya afya, na huo ni uteuzi wa kusifiwa. Kutengamaa ni kutulia na kukaa sawa. Neno halidai kwamba mtu amerudi alivyokuwa, bali kwamba mambo yake yamekaa mahali pake. Hata hivyo istilahi njema mlangoni haisaidii sana ikiwa maswali yaliyomo ndani yanateleza.

Kuweza na kufanya

Kitenzi kinachotawala maswali ya tathmini ni kuweza. Unaweza kuoga? Unaweza kupanda ngazi? Kwa sikio la haraka swali hili ni jepesi. Lakini kuweza katika Kiswahili hubeba nguvu ya mwili, ujuzi, ruhusa na nafasi kwa pamoja. Mwanamke aliyetoka hospitalini anayesema hawezi kuoga peke yake pengine anaeleza kwamba mguu haumbebi. Pengine anaeleza kwamba watoto wake wamemkataza asije akaanguka. Pengine anaeleza kwamba bafu liko nje na njia inateleza. Majibu matatu hayo yanadai hatua tatu tofauti, na fomu huyapa alama moja.

Uainishaji wa mwaka 2001 unatenganisha kile ambacho mtu angeweza kukifanya katika mazingira ya kawaida ya kupimia na kile anachokifanya hasa mahali anapoishi. Mwongozo wa kipimo cha Barthel uliotolewa Uingereza mwaka 1988 ulichukua msimamo ulio wazi: kipimo kiandike anachofanya mgonjwa, si ambacho angeweza kukifanya. Kiswahili kina njia rahisi ya kuutekeleza msimamo huo, nayo ni kuacha kuweza na kuuliza tendo kwa wakati wake. "Jana ulioga?" "Nani alikuwepo?" "Yeye alifanya nini?" Maswali haya ni mengi kuliko lile moja, lakini kila moja lina jibu moja.

Ni vema pia kukitaja kitenzi ambacho watu wenyewe hukitumia wanapozungumzia utendaji, nacho ni kujiweza. Mzee hajiwezi, husema jamaa, na kila mtu huelewa. Kwa kuwa neno ni la asili na linaeleweka, litamvutia mtayarishaji wa fomu. Lisimvutie. Kujiweza ni pamoja na kuwa na mali. Wasiojiweza katika hotuba na magazeti ni maskini kama walivyo wagonjwa. Tena neno halina ngazi: mtu anajiweza au hajiwezi. Kumwuliza mzee ana kwa ana kama anajiweza ni kumtaka akiri mbele ya wanawe kwamba heshima yake imekwisha, na wachache watakiri.

Maneno yanayoteleza

Yako maneno ambayo kila mtafsiri huyaona salama, na hayako salama. Kujisaidia ni mojawapo. Kwa umbo lake ni kujipa msaada; kwa matumizi ya adabu ni kwenda haja. Fomu inayouliza "Je, unajisaidia mwenyewe?" inaweza kujibiwa na mgonjwa mmoja kuhusu choo na mwingine kuhusu maisha yake yote. Tafsida nyingine, kama kwenda msalani, hutaja mahali bila kutaja mambo yanayofanyika hapo, ilhali kwa mtaalamu kufika, kuchuchumaa, kujisafisha na kuinuka ni matendo manne yenye ugumu tofauti. Mwenye mguu uliopooza anaweza kufika chooni vizuri na akashindwa kuchuchumaa, na katika nyumba yenye choo cha shimo kushindwa huko ndiko hasa kunakomzuia. Kipimo kilichobuniwa kwa choo cha kukalia hakina kisanduku cha kuchuchumaa.

Viungo navyo vina mashaka yake. Mkono huanzia begani na kuishia vidoleni. Mguu vivyo hivyo huanzia nyongani na kuishia vidoleni. Mgonjwa akisema mkono umekufa ganzi, hajasema kama ni kiganja au ni mkono wote. Kwa upande wa kujisafisha mambo ni kinyume, kwa maana Kiswahili hupambanua mahali Kiingereza kinapotumia kitenzi kimoja tu: kunawa ni uso na mikono, kuoga ni mwili mzima, kuosha ni kitu au mwili wa mwingine, kuchamba ni baada ya haja, kutawadha ni kwa ajili ya swala, kufua ni kwa nguo. Mtafsiri aliyezoea umaskini wa neno la Kiingereza huandika kuoga kila mahali na kuutupa utajiri uliokuwa mkononi mwake. Mzee Mwislamu asiyeoga mwenyewe lakini anayetawadha mwenyewe mara tano kwa siku ana uwezo wa mikono ambao fomu haikuuona.

Jibu la swali kanushi pia lina hatari. "Huhitaji kusaidiwa kuvaa?" Mswahili asiyehitaji msaada hujibu "Ndiyo", yaani ulivyosema ni kweli. Mtaalamu aliyezoea fomu ya Kiingereza anaweza kuweka alama kwenye kisanduku cha msaada. Dawa yake haina gharama: maswali kanushi yaondolewe yote.

Neno kidogo linastahili tahadhari ya pekee, kwa sababu ndilo linalobeba ngazi za kati. "Natembea kidogo" huweza kuwa umbali mfupi, au mwendo wa polepole, au mara chache. "Sijambo kidogo" maana yake ni kwamba mtu ana nafuu kuliko jana. Kikundi cha Washington, kilichoundwa mwaka 2001 chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, kilitunga maswali mafupi sita ya kupima ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, yenye majibu ya ngazi nne kuanzia kutokuwa na ugumu wowote hadi kutoweza kabisa. Maswali hayo yalitumika katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019. Kwa Kiswahili ngazi mbili za katikati zinahitaji maneno yasiyoingiliana, na kidogo lisiwe mojawapo. Shida nayo, ambayo kwa wengi ndiyo tafsiri ya kwanza, ina maana pana mno. Mwenye shida ni mwenye njaa na mwenye deni vilevile. Ugumu ni neno kavu zaidi, na ukavu ndio unaotakiwa hapa.

Mwisho katika kundi hili ni salamu. Tathmini ya awali hutanguliwa na salamu, na haiwezekani kuwa vinginevyo. Mtaalamu kijana asiyemwamkia mzee "Shikamoo" hatapata jibu lolote la maana. Lakini salamu za Kiswahili zimejengwa juu ya kukana shida. Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Hata aliyefiwa huanza kwa nzuri, kisha ndipo husema ila. Fomu inayoanza na swali la jumla, "Hali yako ikoje?", hupokea salamu na kuiandika kama takwimu. Mtaalamu mzoefu hulijua hilo na hungoja ila. Linalotakiwa ni mwongozo umfundishe na asiye mzoefu kungoja.

Kitenzi kama mizani

Baada ya kasoro hizo zote ni haki kuangalia kile ambacho Kiswahili kinakitoa bila kuombwa. Vipimo vya utendaji hutafuta jambo moja: tendo linafanywa na nani, mgonjwa au msaidizi? Viambishi vya unyambulishaji hujibu swali hilo ndani ya kitenzi. Anakula, analishwa. Anavaa, anavishwa. Anaoga, anaogeshwa. Anasimama, anasimamishwa. Anatembea, anatembezwa. Mnyambuliko wa kusababisha ukiunganishwa na wa kutendwa humhamisha mgonjwa kutoka kutenda hadi kutendewa, na hakuna mzungumzaji anayehitaji kufundishwa tofauti hiyo. Mama wa kijijini atasema "analishwa" au "anakula mwenyewe" bila kusita, na jibu lake litakuwa sahihi kuliko alama ya mbili au tatu aliyotafutiwa kwenye mizani.

Kati ya ncha hizo mbili huingia anasaidiwa kula, anasaidiwa kuvaa. Chini zaidi kuna anasimamiwa: mgonjwa anatenda yote, lakini mtu yupo karibu asije akaanguka. Hivyo anakula mwenyewe, anasimamiwa, anasaidiwa na analishwa ni ngazi nne zilizokwisha kusanifishwa na wazungumzaji wenyewe. Ngazi saba za FIM haziwezi kupatikana kwa njia hii, na pengine si hasara. Ngazi nne ambazo wataalamu wawili wanakubaliana juu yake zina faida kuliko saba wanazobishania.

Mnyambuliko wa kutendeka nao una kazi. "Mkono haunyanyuki", "goti halikunjiki", "vidole havikunjuki" ni kauli ambazo ndani yake mwili ndio kiima, mtu hayumo. "Hanyanyui kikombe" humrudisha mtu. "Haendi tena msibani" humweka mtu mbele ya jamii. Mgawanyo ambao uainishaji wa mwaka 2001 ulihitaji kitabu kizima kuueleza, yaani mwili, shughuli na ushiriki, umo katika uchaguzi wa kiima na mnyambuliko, na mwanafunzi wa sarufi angeweza kumfundisha mwanafunzi wa tiba katika kipindi kimoja.

Haina maana kwamba sarufi inatosha. Orodha ya matendo yenyewe lazima iulizwe upya. Maelezo ya Mahoney na Barthel kuhusu kula yanataja kukata chakula na kupaka siagi. Kipengele kimoja ni cha kupanda ngazi. Katika kijiji cha nyumba za chini ngazi hazipo, na alama zake hutolewa kwa kubahatisha. Wilayani Hai watafiti wa maradhi ya usahaulifu wa uzeeni walikumbana na tatizo hilohilo kwa shughuli kubwa zaidi, kwa kuwa vipimo vya nje viliuliza juu ya simu, fedha na usafiri wa namna ya Marekani. Walitunga orodha mpya kutokana na shughuli ambazo wazee na jamaa zao wanazitambua, na kazi yao ilichapishwa mwaka 2014. Simu leo imefika vijijini, na pengine swali lake lingerudi. Usanifishaji ni kazi ya kurudiwa.

Sinia na ndoo

Chukulia mfano wa mtu wa Pwani aliyepooza mkono wa kulia. Baada ya wiki kadhaa anakula mwenyewe kwa kijiko kwa mkono wa kushoto, na katika kipengele cha kula anapata alama zote. Kwa kipimo amepona. Lakini mkono wa kushoto ndio wa kuchambia, na hautiwi katika sinia la pamoja. Basi hutengewa sahani yake na hula pembeni, au hungoja wengine wamalize. Katika harusi hukaa mbali. Anakula, halishwi, na hali na wenzake. Tathmini ya awali iliyouliza "Anakula na nani?" ingelinasa jambo hilo kwa maneno matatu, na mpango wa mazoezi ungeanza kwa vidole vya mkono wa kulia badala ya kuwaacha kwa kuwa kazi ya kula imekwisha kamilika.

Mfano wa pili una ubishi zaidi. Mzee anaoga mwenyewe, lakini maji huletewa bafuni kwa ndoo na mjukuu. Je, anasaidiwa? Kipimo cha Barthel humhesabu mlaji kuwa anajitegemea hata kama chakula kimewekwa karibu naye na mtu mwingine, na kwa mantiki hiyo kuletewa maji si msaada. Mzee huyo aliletewa maji hata kabla ya kuugua. Ni adabu ya mjukuu, si udhaifu wa babu. Lakini mwanamke wa makamo aliyekuwa akiteka maji mwenyewe, akabeba ndoo kichwani na kuwaogesha wengine, akianza kuletewa maji amepoteza kitu kikubwa, ingawa neno ni lilelile kuletewa. Kiswahili hapa hakimtofautishi babu na mama huyo. Mnyambuliko mmoja unawahudumia wote wawili, adabu na udhaifu.

Njia iliyopo ni kuongeza swali la wakati: "Kabla hujaugua, maji uliletewa?" Swali hilo, kabla ya kuingizwa katika fomu yoyote, lingepaswa kusomwa kwa wagonjwa na jamaa wa Moshi, Mombasa, Mtwara na Unguja, kila mmoja aambiwe aeleze kwa maneno yake kile alichoulizwa, na maelezo hayo yaandikwe jinsi yalivyotamkwa. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu wana hapo kazi ya miaka mingi, na wodi zenye watu wanaongoja kuulizwa hazikosekani.